Transfoma Iliyosukwa Osiri

Mwanamume mgeni akiingia kibandani kwangu pale Suna, macho yake hupita juu ya kichwa changu yakimtafuta fundi. "Mama, mwenye kazi ametoka?" Mimi humwambia ndiyo, ametoka, akae kwenye benchi amsubiri. Na wengine hukaa kweli! Hukaa mpaka wanione nimeshika chuma cha kulehemu, nimeinamia amplifaya iliyo wazi matumbo nje, ndipo wanaanza kujichekea. Nimezoea. Nimeunda amplifaya za baa, za makanisa na za matanga, na kuna watu hapa Migori wameshanilaani kwa usingizi waliokosa. Hiyo mimi huichukua kama sifa.

Lakini amplifaya ninayotaka kuisimulia sikuiunda ya kuuza. Niliiunda kwa ajili ya mama yangu.

Mama anaishi Homa Bay, na tangu nikiwa mdogo ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani kwao. Yeye hutaja mstari, waumini wanaupokea, anataja mwingine, wanaupokea, hivyo hivyo mpaka wimbo uishe. Hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo. Ila mtazame Mama Jumapili asubuhi akijifunga kitambaa kichwani, utajua kwamba hapo ndipo anapoishi, siku nyingine zote anasubiri tu. Kisha akaugua koo. Alipona, namshukuru Mungu, lakini sauti ilirudi nyembamba kama uzi. Haikupotea njia wala kutetemeka, ilikuwa nyembamba tu. Na wakati huo huo kanisa lilikuwa limepanuliwa, mabati mapya juu, ngoma kubwa mbele, watu tele.

Amplifaya walikuwa nayo, ya kununua dukani, yenye taa za rangi kila mahali. Shida ni kwamba jirani na kanisa kuna mtambo wa kutengenezea barafu ya samaki, na mtambo huo haujui Jumapili. Ukianza kazi, umeme wa mtaa mzima unashuka, taa zinafifia, na ile amplifaya inashikwa na kwikwi: neno linasikika, neno linapotea. Mwenyekiti wa kanisa akamwita Mama kando. Akamwambia kwa upole, upole ule unaouma kuliko matusi, kwamba Jumapili ya shukrani ya mavuno wageni watakuja kutoka mbali, na siku hiyo itaamua mambo. Kama sauti yake haitafika mlango wa nyuma, kazi ya kuanzisha nyimbo itapewa bwana mpiga kinanda, na yeye Mama atapumzika.

Mama alinieleza haya kwenye simu kana kwamba ananipa habari za mvua. "Pengine hata ni vizuri," akasema. "Nitakaa na wenzangu kwenye benchi."

Ninamjua. Mama akisema "pengine hata ni vizuri," ujue ameshalia. Niliumia sana, kisha nikapandwa na mori, maana kwangu uchungu haukai muda mrefu kabla haujageuka hasira.

"Mama, usikubali kitu. Nakuundia amplifaya."

"Na ile yao?"

"Ile ni sufuria yenye taa. Nakuundia ya kwako."

Sasa, amplifaya ina vitu vingi ndani, lakini jiko lake ni transfoma. Ni chuma kizito kilichozungushiwa waya wa shaba. Kinapokea umeme wa ukutani na kuupunguza mpaka kiasi ambacho amplifaya inaweza kula. Jiko likiwa dhaifu, uweke chakula gani hakiivi. Za dukani zimeundwa na mtu aliyedhani kwamba umeme wa ukutani hautikisiki. Huyo hajawahi kufika Homa Bay. Mimi nilitaka transfoma nzito, shaba tupu, na upande wa kuingizia umeme iwe na mguu wa ziada, ili umeme ukishuka nigeuze swichi na yenyewe iendelee kutoa kile kile. Kitu kama hicho hukikuti kwenye rafu. Lazima upate mtu wa kukusukia.

Nilianzia kwa muuza vipuri wa mjini, kaka mmoja Mwislamu kutoka pwani ambaye Kiswahili chake kinateleza mpaka unasahau kilichokukasirisha. Aliniwekea transfoma mezani, inang'aa, akasema karibu dada yangu, hii hapa. Nikachukua wembe nikakwaruza waya. Ndani ulikuwa mweupe. Aluminiamu, imepakwa rangi ya shaba.

"Kaka, huyu bi harusi umempaka hina?"

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Haya, umenipata. Lakini naapa si mimi niliyempaka, ndivyo anavyoletwa." Halafu akaingia stoo, akakaa huko, akarudi na koili ya waya wa shaba yenye vumbi, oda ya mteja fulani ambaye hakuirudia. Nikakwaruza. Shaba mpaka ndani! Nilitamani kumkumbatia ila ningemharibia jina. "Ndio huu tu," akaniambia. "Ukiisha, mpaka uagizwe Nairobi, na siku sikuahidi."

Chuma cha ndani nikakipata kwa wauza skrapu, stabilaiza kubwa ya kutuliza umeme, iliyokufa. Nilikaa nikikwangua kutu kwenye vile vibati vyake vyembamba kimoja kimoja, vidole vikawa vyekundu. Kilichobaki ni msukaji.

Ukitaka mtu anayejua waya wa shaba katika kaunti hii, nenda kwenye dhahabu. Osiri na Macalder wanachimba, wanavuta maji mashimoni kwa pampu, wanasaga mawe kwenye vinu, na mota za hivyo vyote huungua kwa kulazimishwa kazi. Kwa hiyo kuna mafundi wa kusuka mota upya. Niliyeelekezwa kwake ana karakana ya mabati Osiri, na ana majivuno, na nilimpenda kwa hayo majivuno.

"Transfoma ya muziki?" akasema, akiipindua karatasi yangu ya vipimo juu chini. "Nyamera, dada yangu, mimi mota za vinu zinaniamkia. Hii yako ni mtoto."

"Mtoto huyu ukimkosea kidogo tu, analia mpaka asubuhi."

"Dada yangu, lete waya uwache maneno."

Ana mashine ya kuzungusha kwa mkono, na kaunta yake ya kuhesabia ilishakufa. Yeye huhesabu kwa wimbo. Kila mstari una idadi yake ya mizunguko, kila ubeti una jumla yake, na akifika kwenye kibwagizo anajua alipo. Nilitaka kubisha, lakini nilipomtazama akisuka nikafyata ulimi. Mkono unazunguka, midomo inaimba chini chini, waya unalala kando ya mwenzake bila nafasi ya kupitisha unywele. Alisuka upande wa kuingizia umeme, na mguu wangu wa ziada akautoa mahali pake barabara.

Kisha akaanza upande wa kutolea. Huu ndio wenye waya mnene, na husukwa mara mbili, nusu moja halafu nusu nyingine, nao mguu wa kati unachomoza katikati yao. Nusu hizo lazima zilingane. Zisipolingana, amplifaya itanguruma hata kabla mtu hajasema neno, na kapasita, vile vikopo vya kuwekea umeme, za upande mmoja zitafura mpaka zipasuke. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika nusu ya pili, watu wakaanza kupita.

"Oyawore!"

"Oyawore ahinya!" Anaacha mkono wa mashine, anainuka, anatoa mkono, wanasalimiana. Nyumbani wako salama? Watoto je? Ng'ombe? Pampu ya jirani ilipona? Anarudi, anaanza kuimba. "Oyawore!" Anainuka tena. Nami nimekaa pale kama nguzo, nikijiambia huyu ni fundi, anajua alipoachia.

Alipomaliza tukaiunganisha, nikatoa mita yangu ya kupimia umeme. Nusu ya kwanza, sawasawa. Nusu ya pili ilikuwa juu, juu sana, kiasi kwamba sikuhitaji kuvaa miwani. Alikuwa ameimba mistari mingine mara mbili.

Damu ilinichemka. "Wewe ni msukaji au ni mwenyekiti wa kamati ya mapokezi? Kwani huwezi kumwambia mtu ngoja kidogo?"

Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgeni. "Hujui Osiri. Mwanamume aliyekuwa anasalimia watu akiacha ghafla kusalimia, hapa watasema nini? Watasema amepata dhahabu. Mimi nikae kimya asubuhi moja, jioni nina wajomba nisiowajua."

Nilicheka nikiwa bado na hasira, na hiyo inauma mbavu. Lakini waya ukifunguliwa unakwaruzika, haufai kurudishwa, na kwenye koili palibaki wa kutosha kusuka upande huo mara moja tu. Jumapili ya mavuno ilikuwa inakaribia. Nikamwaza Mama kwenye benchi, mikono mapajani, bwana wa kinanda akitaja mistari yake.

"Sikiliza," nikamwambia. "Wewe utafunga mlango, usuke. Mimi nitakaa nje nisalimie watu kwa niaba yako."

"Wote?"

"Wote. Hata mbuzi."

Basi nikaweka kiti changu mlangoni. Sijawahi kusalimia watu hivyo maishani mwangu. Niliulizwa mimi ni nani, nimeolewa wapi, kwetu Homa Bay ni upande gani, na kwa nini fundi hatoki. Nilisema ana kazi ya umakini. Hapo ndipo nilipoharibu. Kazi ya umakini, mlango umefungwa, mama mgeni wa mjini anaulinda na ameshika mita mkononi. Kumbe kuna jamaa alikuwa ameshachungulia kwenye tundu la bati, akaona koili mpya ya shaba ikimeremeta kwenye mwanga wa dirisha. Yawa! Habari ikatoka mbio. Nilipoinua macho tena, watu walikuwa wamejaa uani, wengine wamekuja na mizani.

"Mama, mnanunua au mnauza?"

"Hatununui wala hatuuzi. Nendeni mkachimbe!"

"Anakataa," mmoja akawaambia wenzake kwa furaha. "Basi ni nyingi."

Ndani nilimsikia fundi akiimba. Nusu ya kwanza ilikuwa imeisha, alikuwa ndani ya nusu ya pili, ile ile iliyotushinda. Hapo watu wakajigawa kupisha, akaja mama mmoja wa heshima, amevaa nguo ya kutokea, mkoba begani. Akasimama mbele yangu akasema kwa sauti ya kusikika mbali, "Nimesikia mkwe wangu amebarikiwa."

Wimbo ndani ukayumba.

Wengine wote ningeweza kuwazuia, lakini mama mkwe! Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hashikani naye mkono, hakai karibu naye, na sauti yake akiisikia nje hawezi kujifanya kiziwi. Nilijua fundi sasa hivi anaachia ule mkono wa mashine, na mama yangu ameketishwa.

Ila nilijua pia kitu kingine. Nilikuwa nimemfungia fundi ndani ya mabati yale katika jua la Osiri, na muda si mrefu kabla nilikuwa nimempitishia maji ya kunywa dirishani, nikaona alivyo. Nikasimama, nikamsogelea yule mama, nikamwambia kwa adabu zote nilizofundishwa, "Mama, karibu sana. Mkwe wako yuko ndani. Lakini hana shati."

Wee! Aligeuka kabla sijamaliza neno. Aliinua mkoba akajikinga uso upande wa mlango, akaondoka kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa umri ule, akisema, "Mwambie asitoke! Asitoke kabisa! Niko kwa chai hapo mbele!" Na alipokuwa anaondoka aliwafukuza na wale wengine: mnachungulia nini, mkwe wangu yuko uchi, hamna haya? Kitu nilichoshindwa kukifanya asubuhi nzima, yeye alikifanya kwa kupunga mkoba. Uani pakabaki peupe.

Ndani wimbo ulikuwa umeendelea. Aliniambia baadaye kwamba aliposikia "asitoke kabisa" mikono yake ilitulia hivi, kama ya mtu aliyepewa ruhusa na serikali.

Alipofungua mlango alikuwa amevaa shati mpaka kifungo cha shingoni, jasho linamtiririka. Tukapanga vibati, tukavikaza. Mimi huijaribu transfoma mpya kwa kuipitishia umeme kwenye balbu: kama kuna waya zimegusana ndani, balbu inawaka kama kawaida, kama iko salama, inamulika kidogo halafu inazima. Nikachomeka. Balbu ikamulika, ikafifia, ikazima. Nikaweka mita kwenye nusu ya kwanza. Nikaweka kwenye nusu ya pili. Sawa kwa sawa! Nikarudia nikidhani mita imeniheshimu bure. Sawa kwa sawa!

Nilipiga vigelegele mwenyewe, bila aibu. Fundi akaibeba transfoma kifuani kama mtoto wa ubatizo akaipeleka mpaka karibu na kibanda cha chai, akasimama mbali inavyostahili, akainamisha kichwa na kumwonyesha mama mkwe.

"Hii ndiyo dhahabu yenyewe?" mama akauliza.

"Ndiyo hii, Mama."

"Inapika?"

"Haipiki, Mama. Ni ya kuimbia kanisani."

"Basi itasaidia," akasema, akamalizia chai yake.

Kuunda mengine yote ilikuwa kazi ya raha. Niliifunga transfoma kwenye boksi la chuma, mbele nikaweka swichi moja kubwa yenye pande mbili, umeme mzima na umeme dhaifu. Taa niliweka moja tu, ndogo, nyekundu, ya kujua imewaka. Jumapili ya mavuno nikafika kanisani Homa Bay mapema, nikatoa ile sufuria yao nikaiweka chini, nikapandisha ya kwangu. Mama alikuwa mbele amefunga kitambaa chake cha buluu. Alinishika mkono.

"Nisipige kelele?" akaniuliza.

"Usipige kelele. Imba kama unavyoimba jikoni."

Wageni walijaa. Mwenyekiti, na hapa namsifu kwa haki, hakutaka kuambiwa. Aliondoka kwenye kiti chake cha mbele akatembea mpaka mlango wa nyuma, akasimama hapo na mikono kifuani, asikie mwenyewe. Bwana wa kinanda alikuwa tayari, vidole juu ya vitufe.

Mama akataja mstari wa kwanza.

Sauti ilikuwa ile ile, nyembamba, iliyonyooka. Lakini sasa ilikuwa kila mahali. Ilipita juu ya ngoma, ikapita juu ya vichwa, ikagonga mabati ikarudi, na hakuna neno hata moja lililomezwa. Watu wakaupokea mstari kwa nguvu mpaka nikashtuka. Akataja wa pili. Nilimtazama mwenyekiti kule nyuma. Mikono ilikuwa bado kifuani.

Hapo mtambo wa barafu ukaanza.

Taa za kanisa zikafifia. Waumini wanajua, niliona mabega yakianza kushuka, watu wakijiandaa kwa ile kwikwi. Mita yangu ilishuka mbele ya macho yangu. Nikashika swichi, nikaigeuza upande wa umeme dhaifu, *tak*, na sindano ya mita ikapanda, ikasimama pale pale ilipotakiwa. Mama alikuwa katikati ya neno. Neno halikukatika. Alilimaliza, akalivuta, akaliweka chini taratibu kama anavyotaka mwenyewe, na kanisa zima, kwenye lile giza la nusu, likalipokea. Akina mama wa samaki waliokuwa wakipita barabarani wakaitikia kutoka nje. Kule nyuma mwenyekiti alikuwa ameshusha mikono. Alikuwa anaimba, kichwa juu, mdomo wazi kama kila mtu.

Mimi nililia. Nililia huku nikicheka, mkono mmoja kwenye swichi, na sikujali nani ananiona.

Wimbo ulipoisha, makofi hayakuisha. Mwenyekiti alikuja mbele akipangusa uso kwa leso, akamfikia Mama, akanyoosha mkono apewe kipaza sauti atoe matangazo na kuwakaribisha wageni.

Mama akakiangalia kile kipaza sauti. Akamwangalia mwenyekiti.

"Keti kwanza," akamwambia, na maneno hayo yalisikika mpaka kwenye mtambo wa barafu. "Sijamaliza."